Mjadala wa ndondi: Kijana wa kilo 48, abaki ridhaa au achukue leseni ya kulipwa?

Kona Nyekundu
Swali la wiki hii, na naomba tusilijibu kwa ushabiki. Olimpiki ilikuwa na nafasi ya uzani wa laitiflai, kilo 48 na baadaye 49, kuanzia Mexico 1968 hadi Rio 2016, ambako Peter Mungai Warui aliiwakilisha Kenya. Tokyo uzani wa chini kabisa wa wanaume ukawa kilo 52, Paris 51, na Los Angeles 2028 utakuwa 55. Klabu za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nazo bado zimejaa vijana wa miaka 19 ambao wakipanda mizani wameshiba inasoma 49 na ushee. Kocha amwambie nini kijana kama huyu? Abaki ridhaa akitafuta ajira ya polisi, magereza au KDF (jeshi la Kenya), ama aende kulipwa mapema, maana huko laitiflai (ratili 108, yaani kilo 48.99) ingali hai na ina mikanda minne mikubwa ya ubingwa wa dunia, ya WBA, WBC, IBF na WBO?

Mzee Kengele
Ridhaa kwanza, tena ridhaa ya kushiba. Mapambano ya wanagenzi, kisha daraja la kati, kisha ligi ya shirikisho, ndipo majaribio ya timu ya taifa. Shindano moja la juma zima linampa mapigano matatu na wapinzani wasiofanana: mmoja wa mkono wa kushoto, mwingine mrefu anayekimbiakimbia, wa tatu anaingia ndani kifua kwa kifua. Kwenye kulipwa hapa Nairobi anaweza kukaa miezi akisubiri raundi nne tu. Tazameni waliofika. Michael Carbajal alitoka Olimpiki ya Seoul 1988 na medali ya fedha, Julai 1990 akawa bingwa wa IBF. Brahim Asloum wa Ufaransa alichukua dhahabu Sydney 2000, na ubingwa wa WBA Desemba 2007. Naoya Inoue alitwaa mkanda wa WBC wa laitiflai Aprili 2014 katika pambano lake la sita la kulipwa. La sita! Kazi ilikuwa imekwisha kufanywa kwenye ridhaa.

Tiketi ya Mbele
Shikamoo mzee. Hao uliowataja kila mmoja alikuwa na nchi au promota mwenye pesa anayemngoja mlangoni. Huku kwetu anayemngoja ni nani? Tangazo la kuajiri la KDF limekuwa likitaka mwanamume awe na kilo 54.55. Labda wanamichezo hutazamwa kwa jicho jingine, lakini tangazo ndivyo lisemavyo. Kwa hiyo Olimpiki inamkataa kwa kuwa mwepesi, jeshi nalo linamkataa kwa kuwa mwepesi, halafu anaambiwa asubiri. Asubiri nini, anenepe? Na msiseme uzani mdogo hauna pesa. Carbajal huyohuyo ndiye laitiflai wa kwanza kulipwa dola milioni moja kwa pambano moja, la marudiano na Humberto González mwaka 1994.

Daktari wa Kona
Mnataja kilo 48 kana kwamba ni kitu kimoja kwenye ridhaa na kwenye kulipwa. Sivyo, na hapo ndipo vijana wanapoumizwa.

Kwenye ridhaa bondia hupimwa asubuhi ya siku anayopigana, na akishinda hupimwa tena asubuhi ya pambano linalofuata. Hana muda wa kujikausha na kujijaza, kwa hiyo wa kilo 48 hukutana na mtu wa 49, pengine 50. Kwenye kulipwa mizani iko siku moja kabla. Mtu anakauka hadi 48.99, kisha ana saa 24 na zaidi za kunywa na kula. IBF hupima tena asubuhi ya pambano la ubingwa na haikubali bondia azidi kikomo kwa zaidi ya ratili 10, ambazo ni kilo nne na nusu. Yaani hata sheria kali inakuruhusu kukutana na laitiflai wa kilo 53.

Hesabu inakuja hivi: kijana wa 49 aliyeshiba hafai kuwa laitiflai wa kulipwa. Uzani wake huko ni ule wa chini zaidi, ratili 105, kilo 47.63. Laitiflai wa kulipwa ni yule kijana anayepigana 51 kwenye ridhaa.

Kabla ya kumwamulia, mpimeni siku 14 mfululizo, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, kisha mtoe wastani. Wastani ukiwa 51.5, kushuka hadi 49 ni karibu asilimia 5, kunawezekana. Ukiwa 54, mwacheni apande.

Kushuka kwenyewe kunaanza siku tano kabla, na kunaanzia sahani, si jasho. Punguzeni ugali na chapati: kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli hushika gramu tatu hivi za maji, ikitumika maji yanaondoka nayo. Githeri na sukuma pia vipungue siku mbili za mwisho, kwa sababu makapi yake hukaa tumboni na yana uzito. Chumvi ipungue. Maji aendelee kunywa mpaka saa 24 za mwisho. Kosa la kila siku ni kumnyima maji tangu Jumatatu kwa pambano la Jumamosi. Mwili unashtuka, unaanza kubana kila tone, na Ijumaa kilo moja ya mwisho haitoki hata akimbie hadi Thika.

Dawa za kukojoza ziko kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na hata zisingekuwa huko, zinaondoa potasiamu na kuacha misuli ikikaza raundi ya tatu.

Baada ya mizani: lita moja na nusu kwa kila kilo aliyopoteza, kwa mafunda madogo ndani ya saa kadhaa. Asinywe maji matupu kwa pupa, atayakojoa yote huku chumvi ya damu ikishuka. Achanganyiwe lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kilima. Halafu uji, wali, ndizi. Nyama choma ingoje ushindi.

Na huyo Inoue, mzee, aliutetea mkanda ule mara moja tu akaukimbia uzani. Desemba 2014 alikuwa superflai, kilo 52.16, akimwangusha Omar Narváez.

Mzee Kengele
Hayo ya maji nayakubali, na uongeze ile nailoni ya godoro wanayojifunga wakikimbia alfajiri. Jasho likishindwa kukauka mwili haupoi, na Julai ya Nairobi huwadanganya kwamba baridi itawalinda. Lakini umenisaidia hoja, daktari. Kama laitiflai wa kulipwa ni mtu wa 51 hadi 53, basi mtoto wetu wa 48 akienda mapema anaenda kupigwa na watu wakubwa.

Bandeji
Tena na glavu ndogo. Uzani huu kwenye ridhaa huvaa aunsi 10, gramu 284. Kulipwa ni aunsi 8, gramu 227. Mikono nayo hufungwa tofauti. Ridhaa ni kitambaa kirefu cha mita mbili na nusu hadi nne na nusu, unakivua, unakifua, unakianika. Kulipwa ni shashi na plasta, mtu wa kona ya pili akisimama hapo kuangalia na kutia sahihi juu ya fundo kabla glavu haijavaliwa. Anayefunga akikaza plasta mkono ukiwa umefunguka na haujakunjwa, bondia akikunja ngumi damu haipiti, raundi ya pili vidole vimekufa ganzi. Afungwe vidole vikiwa vimepanuka, akunje ngumi kila mzunguko wa tatu, na kidole gumba kisisahaulike. Makonde ya pembeni yaliyozoea glavu nene yakitua kwenye fuvu kwa aunsi 8, mfupa wa chini ya kidole kidogo ndio huvunjika.

Hesabu Wazi
Tuje kwenye mkataba, maana Tiketi ametaja milioni ya dola akaruka. Chukua malipo ya shilingi 100,000. Meneja kwa sehemu nyingi huruhusiwa kufika theluthi moja: toa 33,000. Kocha kwa desturi asilimia 10: toa 10,000. Zimebaki 57,000, na bado hujatoa vipimo vya macho, kichwa, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, wala chakula cha wiki nane za kambi. Akipigana mara tatu kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe mtu huyo analipaje nyumba Kariobangi.

Kibaya zaidi ni simu ya dharura: pambano ng'ambo, wiki mbili, ushuke kilo nne, mpinzani ni kipenzi cha nyumbani. Kijana anaenda akiwa amekauka, anaanguka, anarudi na rekodi iliyochafuka. Sheria ya ridhaa humweka nje ya ulingo siku 30 akipigwa nokauti, miezi mitatu zikiwa mbili ndani ya miezi mitatu, mwaka mzima zikiwa tatu ndani ya mwaka. Kwenye kulipwa nani anafuatilia akivuka mpaka? Mkataba useme wazi: hakuna pambano kwa taarifa ya chini ya wiki sita, na hakuna kipengele cha promota kujirefushia mkataba bila sahihi ya bondia.

Dada Raundi
Mnasahau wasichana. Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022, wanawake walikuwa na kilo 48 wakati wanaume walianzia 51. Kwa mwanamke wa 48 ridhaa bado ina mlango. Lakini Los Angeles yeye pia ataanzia 51.

Tiketi ya Mbele
Nakubali mikataba mibovu iko. Sasa mnijibu kuhusu bondia wetu Stephen Muchoki. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola 1974 na 1978, medali ya fedha ya mashindano ya dunia Havana 1974, dhahabu ya dunia Belgrade 1978, zote laitiflai. Olimpiki je? Montreal 1976 Kenya ilisusia, Moscow 1980 ikasusia. Alipopata nafasi ya ubingwa wa WBA, Copenhagen 1982, ilikuwa uzani wa flai, ulio juu ya laitiflai, dhidi ya Santos Laciar, akasimamishwa raundi ya 13. Ridhaa ilikula miaka yake mizuri. Angeingia kulipwa 1975, WBC ilipoanzisha ubingwa wa laitiflai, leo tungekuwa tunasema mengine.

Mzee Kengele
Lilikuwa pambano la raundi 15, na alifika ya 13 dhidi ya bingwa mzito kuliko yeye. Miguu iliyomfikisha huko aliipata wapi kama si kwenye ridhaa?

Daktari wa Kona
Alizoea dakika tisa, akasimamishwa baada ya zaidi ya dakika 36. Hilo ndilo pengo la kujadili, mzee. Kutoka raundi tatu kwenda nne, sita, nane, kila hatua inataka mapambano matatu manne na ngumi nyingi zaidi za mwili, si kuruka tu. Ukimkawiza hadi miaka 25, ngazi hiyo inamkuta uzani tayari umepanda.

Kona Nyekundu
Kwa hiyo umri gani?

Daktari wa Kona
Miaka 21, awe na mapambano 40 ya ridhaa, na lile daftari la siku 14 za mizani liwe mkononi mwake mwenyewe, si la promota.

Mzee Kengele
Sitini.

Tiketi ya Mbele
Sitini kwa ligi ipi, mzee?