Peji ina laiki 1,900 lakini mabuyu hayatoki. Nakosea wapi?

Mama Mabuyu
Assalaam aleykum jamaa. Nauza mabuyu, achari ya maembe na kachri za muhogo, napikia nyumbani hapa Kibokoni. Miaka sita nimeuza kwa mdomo tu: jirani amwambia jirani, watoto wakitoka chuoni wapita na shilingi kumi zao, na maduka mawili ya Marikiti huchukua mikebe. Mwezi wa Rajabu binti yangu akanifungulia peji ya Facebook na Instagram. Laiki zimefika 1,900, nusu yao marafiki zake. Nikalipia tangazo la shilingi 1,000, siku tano. Nimepata nini? Mioyo, "mashaAllah" chungu nzima, na mtu wa Eldoret aliyeuliza buyu ni mnyama gani. Oda tatu, na moja mwenyewe akazima simu nishapima.

Huandika hivi: "Mabuyu matamu ya Mombasa, karibuni inboksi kwa bei." Ambaye peji imemletea mteja wa kweli aniambie alifanyaje. Wenye kozi za kulipia msijisumbue, nyie nishawapata wa kutosha.

Fundi Kanzu
Waleykum salaam, mama. Futa hiyo "inboksi kwa bei" leo hii, kabla ya magharibi. Mie nilikuwa nayo mwaka mzima, nikidhani nawavuta watu waje tuzungumze. Kumbe mteja akikosa bei hufikiri mambo mawili: ama ni ghali, ama wataka kumpima mfuko kwanza. Akapita zake. Nilipoanza kuandika kanzu ya mtoto kiasi gani na ya mtu mzima kiasi gani, waulizaji walipungua, lakini anayeuliza sasa huwa keshaamua, yuwataka kujua saizi tu.

La tangazo: huyo wa Eldoret hakupotea njia, umemlipia nauli wewe. Ukiacha Kenya nzima, shilingi 1,000 yako itatembea mpaka Turkana. Kwenye mahali pa kuonyesha tangazo andika Mombasa, upunguze duara la ramani. Na uangalie umeomba nini. Ukiomba laiki, Facebook itakutafutia watu wenye mazoea ya kulaiki, na hao hawana mazoea ya kununua. Chagua tangazo ambalo mtu akibonyeza anaangukia WhatsApp yako.

Nuru wa Kisauni
Shoga, nimechungulia picha zako. Usinichukie, mabuyu yaonekana meusi kama makaa. Ni taa ya jikoni hiyo. Najua vichochoro vya huko havipati jua, basi panda darini asubuhi, uyamwage kwenye sahani nyeupe, ule wekundu uonekane. Na mkebe uushike mkononi ukipiga picha. Hivi ulivyouweka peke yake sijui ni robo au ni ndoo.

Mie nauza viazi karai. Picha za viazi vilivyokwisha kaangwa hazikunisaidia kitu, kila mtu anazo. Kilichonisaidia ni video ya kiazi kikiingia mafutani, ile sauti yake, sekunde kumi na tano, bila muziki. Wewe una shira inayochemka na iliki! Tuonyeshe buyu likikorogwa.

Tuktuk Likoni
Mie si mfanyabiashara, hubeba mizigo ya wafanyabiashara. Wengi wenu mwaandika "tunaleta popote" mkanyamaza. Mtu wa Likoni akisoma hivyo anaiona feri mbele yake, anajua nauli itashinda bei ya mabuyu. Andikeni mtaa na pesa yake. Mama, kwa Likoni kusanya oda mpaka Jumamosi, mtume kijana avuke na mfuko kwa miguu, wa miguu halipi feri, mie nimpokee upande huu nisambaze. Tuktuk haikuvuka, gharama haikuvuka.

Na pesa, tazama salio lako mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi nimeuona kwa macho yangu, herufi zote sawasawa.

Mama Mabuyu
Bei nimeandika, mkebe wa robo 150. Picha za darini binti kazipiga, na paka wa jirani kaingia kwenye mbili. Sasa Fundi, hiyo WhatsApp, huweka kitu kila siku?

Fundi Kanzu
Stetasi kila siku, kwa sababu ikipita saa 24 imekufa. Lakini kuna jambo watu hawalijui: asiyehifadhi namba yako haioni stetasi yako. Vilevile ile orodha ya kutangazia (broadcast) ya WhatsApp, hubeba watu 256, lakini ujumbe hauwafikii ambao hawana namba yako kwenye simu zao. Kwa hivyo kazi yako kubwa haiko Facebook, iko kwenye mkebe. Bandika karatasi: "Hifadhi namba hii, Mama Mabuyu, Kibokoni." Mteja akija mlangoni, mwambie ahifadhi hapo hapo, umsubiri. Mie husimama na futi yangu shingoni mpaka amalize.

Mama Mabuyu
Wiki tatu zimepita. Laiki ni zile zile, zimeongezeka kumi na kitu, sizitazami tena. Namba zilizonihifadhi ni 83, nazihesabu kwenye daftari. Video ya shira imeleta bi harusi wa Likoni, kaagiza mikebe arubaini ya kachri na mabuyu ya kugawa wageni, kalipa nusu kabla. Tuktuk, jiandae Jumamosi. Maduka ya Marikiti wamenuna, wasema nimeandika bei ya chini kuliko yao, hilo nitalimaliza nao kwa mdomo.

Sasa mikebe ndiyo imeniishia. Ya plastiki, ya robo, yenye kifuniko kisichovuja mafuta ya achari: Kongowea au niende Mwembe Tayari?

Nuru wa Kisauni
Kongowea, lakini nenda mapema na usinunue chini ya dazeni. Nipitie twende sote.