Mrejesho: Kamera 14 za duka na stoo, Moshi

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita nililia hapa kwamba kamera zangu 14 zimerundikwa kwenye orodha moja, kutafuta tukio moja ni kukesha. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kugawa kwa maeneo: Geti, Kaunta, Stoo, Uani. Kila kamera nikaipa jina la inachokitazama, mfano "Stoo, mlango wa nyuma". Ya korido nimeiweka makundi mawili, maana anayetoka kaunta kwenda stoo lazima apite pale.

Jumamosi maboksi mawili ya misumari hayakuonekana. Mlinzi akasema kuna gari lilipakia saa moja. Kijana wangu akafungua 01:00 badala ya 07:00, tukakodolea giza nusu saa nzima. Chekeni tu. Tuliporekebisha, kundi la Stoo lina kamera 4, dakika kumi tukawa tumepata.

Kilichokwama: saa ya mashine ya kurekodi ilikuwa mbele kwa dakika 23. Nimeisahihisha, ila rekodi za zamani zimebaki na muda ule ule wa uongo, ukitafuta huko inabidi upige hesabu. Na ule ushauri wa kurekodi pakiwa na mwendo tu, uani umenishinda. Migomba ikipigwa na upepo inarekodi usiku kucha. Nimebana eneo la kunasa mwendo libaki la mlango tu, afadhali kidogo.

Maboksi yalipakiwa kimakosa kwenye mzigo wa mteja wa Himo. Na mimi nilishaanza kumnunia dogo wa stoo.