Serikali ikimlipa mlanguzi wa watu: imeokoa roho au imeingia biashara?

Wenzangu, juzi baada ya Isha, barazani Kibokoni, Mombasa, kahawa ilipoa vikombeni kwa ajili ya kesi moja ya Australia. Naileta hapa kwa sababu hatukuimaliza, na mmoja wetu aliondoka bila kuaga.

Kwa asiyeijua: Mei 2015 boti yenye abiria 65, watu wa Sri Lanka, Bangladesh na Myanmar, ilitoka Indonesia ikielekea New Zealand. Maafisa wa Australia wakaizuia bahari kuu. Mabaharia walikuwa sita. Walipokamatwa baadaye waliwaambia polisi wa Indonesia kwamba maafisa wale waliwalipa wageuze: wawili dola 6,000 za Marekani kila mmoja, wanne dola 5,000. Piga hesabu, ni 32,000. Tony Abbott, waziri mkuu wa wakati ule, aliulizwa redioni kama ni kweli. Hakukubali, hakukana. Alichosema ni kwamba boti zitazuiwa kwa njia yoyote ile.

Abiria wakahamishiwa vyombo viwili vidogo vya mbao. Kimoja kikaishiwa mafuta, wote wakarundikana kwenye cha pili, nacho kikapanda mwamba upande wa kisiwa cha Rote, Indonesia. Waliowatoa majini ni wanakijiji.

Mimi nashikilia kwamba serikali ile ilifanya ulanguzi, na sisemi kwa hasira. Ipo protokali ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya kuvusha wahamiaji kwa magendo. Kenya imo tangu 2005, Australia na Indonesia zimo pia. Kosa lenyewe limeelezwa hivi: kumwezesha mtu kuingia kinyume cha sheria katika nchi asiyokuwa raia wake wala mkazi wake wa kudumu, ili upate fedha au faida nyingine. Haya, wale 65 si raia wala wakazi wa kudumu wa Indonesia. Mabaharia walichukua fedha wakawaingiza Indonesia, mahali pasipo afisa wa uhamiaji wala mhuri. Kila kipande cha kosa kimetimia. Aliyebaki kuulizwa ni aliyetoa noti.

Wataniambia Australia ina sheria ya mwaka 2001 inayowakinga majasusi wake kwa mambo wanayoyafanya nje wakiwa kazini. Sawa, kama waliotoa noti walikuwa majasusi, kwao huenda kesi isisimame. Lakini kinga ya kwao haimfungi hakimu wa Indonesia, na mabaharia walikamatwa huko huko. Kama kawaida, kuli ndani, tajiri nje.

Kwa nini yanihusu mimi mtu wa Mombasa? Sisi tuliokuwa wakubwa kiasi mwaka 1991 tuliona vyombo kutoka Barawa na Kismayu, Somalia, vikitia nanga hapa, watu wamebanana kama dagaa, na kambi ya wakimbizi ya Utange ikajaa. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kibarawa, alikuja hivyo. Alimlipa nahodha bangili ya dhahabu, na mpaka leo mkono ule hauvai kitu. Nahodha yule alikuwa mlanguzi kwa maana ile ile ya protokali. Bibi humwombea dua kila Ijumaa. Kwa hiyo sidai kwamba kila mwenye boti ni shetani. Msilete hoja hiyo.

JIBU LA 1
Mwanangu, nimekaa baharini miaka thelathini na, usiniudhi, unasoma sheria kama mtu ambaye hajawahi kutapika kwenye mawimbi. Boti imejaa usiku, mabaharia sita wanakwambia hatugeuzi. Utapiga risasi? Pesa ina dhambi ndogo kuliko risasi. Na sisi Mombasa ndio wa mwisho kujifanya watakatifu. Meli ya MV Semlow ilipotekwa na maharamia wa Somalia Juni 2005, ikiwa na mchele wa msaada, vijana wetu walishikwa zaidi ya siku 90. Sijasikia mke wa baharia hata mmoja akisema haramia asipewe kitu. Hata mahakama ya rufaa ya Uingereza, 2011, iliamua kwamba kumlipa haramia fidia si kuvunja sheria. Huyu halali, yule haramu, mpaka umeupata wapi?

JIBU LA 2
Mzee, pesa hizo hununua mapumziko tu. Libya 2017, mji wa Sabratha: vyombo vya habari viliripoti kwamba wanamgambo waliokuwa wakivusha watu walilipwa waache, kwa mkono wa Italia. Roma ilikana. Kweli boti zikapungua kiangazi kile. Septemba wapinzani wao wakaingia, mji ukapiganiwa wiki tatu. Mtu akijua kazi ya kuacha ina mshahara, jirani yake naye ataianza ili aje alipwe aache.

MWENYE MADA
Ami, shikamoo, na swali lako ni zito kuliko langu. Nimelala nalo. Mpaka nauona hapa: fidia hulipwa ili aliyeshikwa aachiwe aende kwake. Wale 65 walilipiwa warudishwe Indonesia walikoondoka, nchi ambayo haijatia saini mkataba wa wakimbizi wa 1951. Baharia wa Semlow ungemuuliza kama alipiwe, angelia kwa furaha. Abiria wa ile boti nani aliwauliza?

Lakini nakubali jambo moja: hoja yako ya risasi sina jibu lake. Ningekuwa afisa pale, saa nane ya usiku, labda ningetafuta mfuko.

Nilimpelekea bibi habari hii jana, alipokuwa akichambua mchele. Habari za dola hazikumshtua hata kidogo, alisema manahodha wote hulipwa. Aliacha kuchambua nilipofika kwenye vile vyombo viwili.

“Mafuta waliwatilia ya kufika?”

Ami, wewe ndiye mjuzi. Ukimhamishia mtu kwenye chombo kingine, ukamwelekeza aendako, tangi lake si juu yako?

JIBU LA 1
Ni juu yangu. Hilo sibishani.