Je, ni halali kuiongezea Kibo theluji? Mjadala kuhusu zoezi letu la kuhariri picha

Mtoa mada, Moshi

Ndugu wapiga picha na wahariri wa picha wa Moshi na Arusha, nawasalimu. Kwa wale wasioujua utaratibu wetu, kila Jumatatu mmoja wetu hutoa picha moja ghafi, yaani faili kama lilivyotoka kwenye kamera bila kuguswa, na kila anayependa huihariri kwa namna yake hadi Jumapili jioni, kisha tunaziweka kazi zote pamoja na kuulizana kwa upole nani amefanya nini na kwa sababu gani. Hakuna zawadi wala mshindi, ingawa kila wiki sote tunamjua aliyeshinda.

Wiki iliyopita picha ilikuwa ya Mlima Kilimanjaro, iliyopigwa alfajiri kutoka juu ya paa la nyumba moja ya Majengo, kabla mawingu hayajaufunika. Barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, ilionekana kama michirizi michache iliyoshikilia upande wa kusini. Mwenzetu mmoja akaleta kazi ambayo kilele cha Kibo kilikuwa cheupe hadi karibu na uwanda unaokitenganisha na kilele cha pili, Mawenzi, na weupe wenyewe ulikuwa umefuata kila bonde na kila mgongo wa mwamba kiasi kwamba hakuna aliyeona mshono. Tulimsifu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Siku chache baadaye nikaikuta picha ile kwenye tangazo la kampuni ya kupandisha watalii, ambayo sitaitaja, ikiwa imeandikwa kwamba huo ndio mlima unaomsubiri mgeni. Kampuni haikuiba, iliomba ikapewa.

Swali langu ni hili: je, zoezi letu liruhusu mtu kuongeza kitu ambacho hakikuwepo? Msimamo wangu ni kwamba liruhusu, lakini kila picha iliyohaririwa ikitoka mikononi mwetu itoke na maelezo ya kilichofanywa, na picha ya asili iwe kando yake. Naomba kuwasilisha.

Mpiga picha za harusi, Arusha

Mtoa mada, nakuheshimu, ila umeanza kana kwamba kuna picha isiyohaririwa. Hiyo haipo. Hata simu yako, ukibonyeza mara moja tu, huchukua fremu kadhaa kwa haraka, ikaziunganisha, ikang'arisha vivuli na kupoza mwanga wa dirishani kabla hujaiona picha. Faili ghafi nalo, ambalo wengi wanalidhania kuwa ndiyo kweli tupu, likifunguliwa lilivyo huonekana limefifia kama kitenge kilichofuliwa mara mia. Kamera nyingi nzuri huhifadhi ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ya kawaida ya kutumiana ina ngazi 256, kwa hiyo lazima mtu aamue ngazi zipi zibaki na zipi zitupwe, na asipoamua mtu itaamua mashine.

Sisi wenye ngozi nyeusi tungekuwa wa mwisho kuitetea picha "kama ilivyotoka". Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipa maabara za kusafisha filamu kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na rangi zikapangwa ili ngozi yake ndiyo itoke vizuri. Nilijifunza kazi kwenye studio ya filamu, na naikumbuka vizuri aibu ya kumkabidhi bibi harusi picha ambayo gauni linang'aa na uso umekuwa kivuli chenye meno. Leo nauinua mwanga wa uso wake hadi afanane na yule niliyemwona kanisani. Hapo kuhariri ndiko kulikomrudishia sura yake.

Kuhusu mipaka, ninayo yangu. Chunusi naiondoa, kwa kuwa wiki ijayo isingekuwepo. Kovu na baka la kuzaliwa nayaacha mpaka mwenyewe aniombe. Ngozi sichubui kwa kompyuta hata mama wa bwana harusi akisimama nyuma ya kiti changu, na huwa anasimama. Lakini ukinitaka niandike chini ya picha "chunusi tatu zimefutwa", nitakula wapi?

Mwongoza watalii, Marangu

Mimi si mhariri, ni mtazamaji wa kazi zenu, lakini jambo hili linanigusa kuliko mnavyodhani. Mgeni aliyeiona picha ya namna hiyo hufika Februari au mwishoni mwa Septemba, akatazama juu na kuuliza theluji iko wapi. Haiulizi kampuni iliyotengeneza tangazo. Ananiuliza mimi, siku ya kwanza ya safari, na ninajua kuwa kuanzia hapo mimi na wapagazi tunaanza kazi tukiwa na deni.

Naomba pia mtenganishe mambo mawili ambayo kwenye picha huonekana kuwa kitu kimoja. Theluji huanguka na kuondoka. Baada ya mvua za masika au za vuli Kibo huweza kuamka nyeupe hadi chini kabisa, na siku mbili za jua zikaimaliza. Barafu ni nyingine. Hiyo ndiyo iliyokaa kileleni vizazi na vizazi, nayo inaisha: mwaka 1912 ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilisema inatarajiwa kutoweka kabla ya 2050. Anayepaka weupe mahali barafu ilipokuwa zamani anamwonyesha mtu kwamba hakuna kilichotokea. Nimepanda mlima huu miaka mingi, na kuna mahali nilipokuwa nawaonyesha wageni ukuta wa barafu ambapo sasa nawaonyesha changarawe.

Aliyeongeza theluji, Kibosho

Kwa kuwa ni mimi ninayesemwa, niruhusiwe kujibu, na naanza kwa kumwamkia mzee wa Marangu, shikamoo. Sikukusudia kumdanganya mtu. Wiki hiyo nilikuwa najifunza kutengeneza maski, yaani pazia la kuchagua sehemu za picha zitakazobadilishwa, inayofuata mwanga wa mwamba, ili weupe ushike penye mgongo na uachie penye ufa. Nilitumia jioni tatu kwa sababu kivuli cha theluji kina rangi ya bluu inayotoka angani, nami mwanzoni nilikiweka kijivu, mlima ukaonekana umemwagiwa unga wa sembe. Ningeweza kuiandikia akili unde sentensi moja ikanifanyia yote kwa dakika, lakini zoezi hili ni la kujifunza, na mtu hajifunzi kwa kuagiza.

Isitoshe, mlima niliouchora nimeuona. Mwezi Mei niliamka nikaukuta mweupe vilevile, ila sikuwa na kamera. Hivyo nilichoongeza ni asubuhi ya kweli iliyowekwa kwenye picha ya siku nyingine. Nakubali kosa moja, nalo ni kuitoa picha ile kwa kampuni bila kusema neno.

Mwalimu wa kompyuta, Sakina

Naona tunazunguka wakati wenzetu wameshachora mstari. Shindano la picha za habari la World Press Photo huruhusu kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, lakini hukataza kuongeza, kuondoa au kuhamisha chochote kilichomo kwenye picha, na waandaaji hulilinganisha faili ghafi na picha iliyowasilishwa. Mwaka 2015 picha moja katika kila tano zilizofika hatua ya karibu na mwisho ziliondolewa kwa kuvunja kanuni ya uhariri. Jambo lenyewe si geni wala halikuletwa na kompyuta zetu: Februari 1982 jarida la National Geographic liliyasogeza mapiramidi ya Giza yakaribiane ili yatoshe kwenye jalada lililosimama wima, miaka minane kabla ya programu ya kuhariri picha ya Photoshop kuingia sokoni. Napendekeza tuichukue kanuni hiyo kama ilivyo, yaani hakuna kuongeza na hakuna kuondoa. Ni fupi, na kila mmoja anaweza kuikagua.

Mtoa mada, Moshi

Nimewasoma wote, na nianze na Mwalimu, kwa kuwa kanuni yake ilinivutia hadi nilipozirudia kazi za wiki ile moja baada ya nyingine. Kuna mwenzetu mwingine ambaye hakuongeza wala kuondoa kitu. Aliigeuza tu picha, kushoto ikawa kulia, akisema jicho linaingia vizuri zaidi kutoka upande ule. Sote tuliipitisha. Sasa simama popote hapa mjini utazame juu: Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukisimama Amboseli, upande wa kaskazini, Mawenzi inakuwa kushoto. Kwa kubonyeza mara moja, bila kuongeza hata chembe ya theluji, mwenzetu aliuhamishia mlima upande wa Kenya, na kwa kanuni ya Mwalimu kazi yake ni safi huku ya theluji ikiwa haramu. Aidha, chunusi ya bibi harusi ingekuwa kosa kubwa kuliko kuhamisha Mawenzi. Kanuni ile inawafaa waandishi wa habari kwa sababu tayari inajulikana picha zao zinadai nini, nasi hatujajiuliza zetu zinadai nini.

Dada wa Arusha amenitikisa, nakiri. Niliposema kila picha iliyohaririwa iandikwe, nilikuwa nawaza mlima tu. Picha ya harusi haimwahidi mgeni wa mbali kitu chochote. Walioalikwa walikuwepo, na mwenye sura ndiye mwenye picha. Tangazo linamwahidi mtu atakachokikuta akishalipa nauli. Kwa hiyo napunguza dai langu: maelezo yawe lazima pale ambapo mtu asiyekuwepo ataitumia picha kuamua jambo, kama vile kupanda mlima, kununua kiwanja au kuamini habari. Penginepo tubaki na adabu ya kazi, na ile ya kutochubua ngozi ningependa tuifanye yetu sote.

Kwa mdogo wangu wa Kibosho, hoja ya asubuhi ya Mei ni nzuri na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa kuwa ulichokichora kimewahi kuonekana. Lakini anga la picha yetu, vumbi lake na ukavu wa majani ya pale chini vinasema si msimu wa mvua. Umeuvalisha mlima nguo za mwezi mwingine, na mgeni atakuja kwa kufuata mwezi ulioandikwa kwenye tangazo.

Kuhusu utekelezaji, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili hayatatusaidia, maana picha ikishatumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huyapoteza. Maneno yaandikwe kwenye ukingo wa picha yenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka: "Theluji imeongezwa na mhariri." Atakayekata ukingo atakuwa amefanya hivyo kwa makusudi. Na asiombwe mhariri peke yake, kwani sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamtambua pia aliyepiga picha, na wiki ile hakuna aliyemuuliza.

Aliyeongeza theluji, Kibosho

Nimeiandikia kampuni na kuipelekea picha mbili, ya asili na yangu yenye maneno ukingoni, wachague. Wamejibu kwamba ya asili haina mvuto na yenye maneno inawatia watu shaka. Nimewaomba basi waiondoe kabisa. Hadi naandika hivi bado ipo.

Mpiga picha za harusi, Arusha

Mdogo wangu, waandikie tena, safari hii uwatumie ile ya asili ikiwa imehaririwa vizuri. Sijaona mtu aliyeishughulikia ile michirizi michache ya barafu kwa uzito wake. Wote mlikimbilia kuifunika. Ongeza utofautishaji wa mwanga na kivuli kwenye mwamba, acha mwanga wa alfajiri uishike ile michirizi peke yake, uone kama haina mvuto. Mimi nitaijaribu Jumatatu hii hata kama zamu imeshapita.

Mwongoza watalii, Marangu

Marahaba, mwanangu wa Kibosho, na asante kwa kujibu kiungwana. Nitasubiri hiyo ya dada. Na ile iliyogeuzwa, tafadhali igeuzwe tena haraka, kabla Wakenya hawajaiona.