Mjadala: Je, kila metodi katika Go ipokee kielekezi?

Assalaam alaykum. Wapo miongoni mwetu hapa Unguja wanaowafundisha vijana lugha ya programu ya Go kwa kanuni moja tu: kila metodi, yaani kazi iliyofungamanishwa na aina ya data, ipokee kielekezi (anwani ya kitu chenyewe) badala ya thamani (nakala yake), utasalimika. Wanalalamika kwamba kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, hukataa kuiingiza thamani katika kiolesura (orodha ya metodi ambazo kitu lazima kiwe nazo) pale metodi inayotakiwa na kiolesura hicho inapopokea kielekezi, ilhali metodi hiyo hiyo huitika bila ya tabu ikiitwa moja kwa moja juu ya kigeu. Mimi naona katazo hilo ndilo sahihi, na wenye lawama ni ule ulaini wa kuiita moja kwa moja.

Tuchukue programu ya tiketi za boti ya Unguja na Mkoani. Aina ya Safari ina idadi ya nafasi, na metodi Kata hupunguza nafasi moja. Kata ikipokea thamani, inapunguza katika nakala, nakala inatupwa, na tiketi zinaendelea kuuzwa hata boti ikishajaa. Kompaila haisemi neno. Ikipokea kielekezi, nafasi hupungua panapostahiki. Sasa mwanafunzi akiandika s.Kata(), Go humchukulia anwani ya s kimya kimya, naye asijue kwamba kilichopokelewa ni &s, yaani anwani ya s. Akiiweka s katika kiolesura, kinachoingia ni nakala isiyochukulika anwani. Lau kompaila ingeruhusu, Kata ingepunguza nafasi za nakala ile, na kosa la mwanzo lingerudi likiwa limejificha zaidi. Ndiyo maana Kata haimo katika seti ya metodi za Safari, ambayo ndiyo kiolesura huitazama, ila imo katika seti ya kielekezi chake, pamoja na zile zinazopokea thamani.

Kielekezi kila mahali kinaiondoa hitilafu hii, sikatai, na kwa aina iliyobeba kufuli la sync.Mutex, linalozuia sehemu mbili za programu kugusa data moja kwa pamoja, hakuna hiari, kwani kufuli lililonakiliwa halilindi tena kile kile. Lakini kanuni hiyo inamnyima mwanafunzi swali la msingi: kitu hiki kina hali inayobadilika, au ni thamani tu, kama tarehe au kiasi cha fedha? Anayeishikilia naomba anieleze angeiandikaje time.Time, aina ya wakati katika maktaba ya Go, ambayo metodi yake Add hupokea thamani na kurejesha wakati mpya bila ya kuugusa ule wa awali.