Mrejesho: uzi mnene wa kufumia kikapu na zulia

Jamani nimerudi. Niliuliza kama uzi mnene unafaa kufumia kikapu cha sebuleni na kizulia cha mlangoni. Nilipata mabunda manne Makoroboi, Mwanza, nikaanza na sindano ya kroshia (ile yenye ndoano) ya milimita 10 kama karatasi ya uzi ilivyoelekeza. Kikapu kilikua haraka mno, jioni moja tu, ila nilipokisimamisha kikalala chini kama mlevi wa Kirumba! Nikafumua chote.

Dada aliyenishauri nishuke hadi milimita 7 na nitumie vishono vifupi tu, ubarikiwe. Kimesimama wima bila kadibodi ndani. Vidole lakini viliuma siku mbili, maana kukaza uzi ule ni kama kuvuta nyavu.

Kizulia nimekiacha. Nilifua kipande cha majaribio, na kwa mvua hizi kilikaa kambani siku tatu, bado kibichi katikati. Tena mlangoni kwangu ni mchanga mtupu, ungenasa humo wote.

Uzi uliobaki nafumia foronya ya kochi. Mama mkwe ameshakiomba kikapu, nami najifanya sijasikia.