Naomba ushauri: riwaya yangu inakwama pale jamii inapoanza kujijenga upya

MwanaKayole

Hamjambo wanajukwaa. Kwa miaka miwili sasa ninaandika riwaya inayotokea hapa Nairobi, miaka kumi na miwili baada ya serikali, umeme na mitandao ya simu kusambaratika. Sehemu ya kwanza, inayosimulia maangamizi yenyewe, niliimaliza bila taabu kubwa: maghala yanavunjwa, watu wanatoroka kwa miguu, na barabara ya Thika inajaa magari yaliyoishiwa mafuta. Taabu ilianza nilipofika sehemu ya pili, ambamo watu wapatao mia nne waliosalia kando ya msitu wa Karura wanapaswa kuanza kuishi pamoja tena.

Sehemu hiyo nimeiandika mara tatu. Mara ya kwanza nilimleta jemadari mwenye bunduki, na nilipoisoma nikaona kwamba mtu huyo nimekwisha kukutana naye katika filamu nyingi mno. Mara ya pili nilileta baraza la wazee wenye busara waliokata kila shauri kwa haki, hadithi ikalala. Mara ya tatu niliandika kurasa arobaini za kulima na kuchimba vyoo, na rafiki yangu anayenisomea akaniambia kwa upole kwamba ile ilikuwa ripoti ya mradi.

Ninachoomba ni hiki. Jamii iliyovunjika huanza kujengwa kutoka wapi hasa? Ni jambo gani ambalo watu wasiojuana wangelazimika kukubaliana juu yake ili wasife, na ambalo lina uzito wa kubeba kurasa mia mbili? Tena, ni nani angeaminiwa na kusikilizwa, iwapo hana bunduki wala mvi? Jiji hili ninalijua kwa mitaa yake, lakini matumbo yake siyajui.

Fundi wa Mabomba

Binti yangu, nimefanya kazi ya mabomba ya maji katika jiji hili kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo utanisamehe nikianzia ninakokujua.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kule Gatanga katika kaunti ya Murang'a, ambalo lilikamilika mwaka 1994 na linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo liko juu kuliko jiji. Maji hupita katika mahandaki chini ya vilima, hufika Ng'ethu yakasafishwa, kisha hushuka kwa mabomba hadi kwenye matangi ya Gigiri, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo hayasukumwi na pampu, yanafuata mteremko tu. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika leo, maji hayatakatika leo. Waandishi wengi hukausha mifereji siku ile ile ya maangamizi, na kwa mji kama wetu hilo ni kosa. Kitakachokwisha kwanza ni shabu ya kutuliza tope na klorini ya kuua vijidudu. Maji yataendelea kuja, lakini yatakuja na ugonjwa, na watu watayanywa kwa sababu yanatoka kwenye mfereji ule ule waliouamini maisha yao yote. Kama hujaandika kipindupindu katika sehemu yako ya kwanza, rudi ukiandike.

Sasa tuje kwa watu wako mia nne. Umewaweka mahali pazuri, kwa kuwa Karura inapitiwa na mito na matangi ya Gigiri yako jirani. Wakitaka maji salama bila kemikali yoyote, watajenga chujio la mchanga la mwendo wa polepole, teknolojia ambayo London ilianza kuitumia mwaka 1829. Ni tangi lenye kokoto chini na karibu mita moja ya mchanga mwembamba juu, na maji yanashuka kupitia humo kwa kasi ya takriban sentimita kumi kwa saa. Kila mita ya mraba ya mchanga huo hutoa lita 2,400 kwa siku, yaani mitungi 120 ya lita ishirini, kwa hiyo mita nne za mraba zinatosha kumpa kila mtu wako mtungi wake.

Nikueleze sasa kwa nini hii ni hadithi. Juu ya mchanga huota utando mwembamba wenye utelezi, wa rangi ya kijani na kahawia. Utando huo ni viumbe hai, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuondoa vijidudu. Huchukua wiki kadhaa kukomaa. Ukiziba, mtu anaingia na sepeto bapa, anakwangua sentimita moja au mbili za juu, kisha watu wote wanasubiri uote tena kabla ya kunywa. Maji yakipita haraka kupita kiasi, hayasafiki. Mama mwenye mtoto anayelia kwa kiu, akifungua vali kidogo tu usiku ili mtungi wake ujae upesi, ameharibu maji ya watu mia nne, na hakuna atakayejua mpaka siku ya tatu watakapoanza kuhara. Huhitaji jemadari. Tafuta ni nani anayeweza kusimama mbele ya watu wenye kiu akawaambia wangoje wiki mbili, nao wakangoja.

Msomaji wa Usiku

Ninaunga mkono, na ninaongeza jambo moja dogo. Msitu wa Karura una takriban hekta 1,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiulinda usigawanywe. Baada ya maangamizi, jiji lote litautazama kama kuni na makaa. Usipoeleza ni nani aliyekatazwa kukata na alikatazwa vipi, sitaamini kwamba msitu bado upo mwaka wa kumi na mbili.

Mwalimu wa Historia

Mwanangu, unatafuta mbali jambo lililokwisha kutokea papo hapo ulipoketi ukiandika. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote, ndui ikafuata, kisha mwaka 1898 na 1899 ukame na njaa vikaikumba nchi ya Wakikuyu na Wakamba. Wakikuyu waliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya. Vijiji vizima upande wa Kiambu vilibaki mahame, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilipita katika nchi ya watu waliokuwa bado wanazika. Ardhi iliyoachwa na wafu na wakimbizi ikahesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikagawiwa walowezi. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa riwaya: watu wako wakirudi baada ya miaka kumi na miwili na kukuta wengine wamelima mashamba yao, utasema shamba ni la nani?

Lakini linalogusa swali lako hasa ni hili. Ng'ombe walipokwisha, familia nyingi za Wamaasai ziliwapeleka wanawake na watoto kwa Wakikuyu, mahali pengine wakibadilishwa na chakula, wakalelewa na kuolewa huko. Njaa ilipopita, baadhi walidaiwa warudishwe na wengine walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji, na palizuka ugomvi kuhusu nani ni wa nani. Huwezi kuijenga jamii yako juu ya ukurasa mweupe, kwa sababu kila aliyesalia alilishwa na mtu fulani, au alimfungia mtu fulani mlango, na wote wawili wanakumbuka. Wazee wako wenye busara walilala kwa sababu hawakuwa na deni. Mpe kila mmoja wao deni lake kabla ya kumketisha barazani.

Mkulima wa Limuru

Salamu kwenu nyote. Nitasema kuhusu mbegu, maana naona dada yetu ameandika kwamba wanalima bila kueleza wanalima nini.

Mahindi mengi tunayopanda ni chotara. Ukihifadhi punje zake na kuzipanda msimu unaofuata, mazao hushuka na mimea haifanani, mmoja mrefu na mwingine mfupi, na ukiendelea hali haiwi nzuri. Kwa hiyo mwaka wa kumi na mbili watu wako hawawezi kuwa wanavuna walichokuwa wakivuna zamani, isipokuwa wawe walipata mbegu ya aina inayojirudia, kama Katumani, ambayo ilizalishwa karibu na Machakos kwa ajili ya sehemu kame. Iko pia benki ya mbegu ya taifa kule Muguga, karibu na Kikuyu, iliyoanzishwa mwaka 1988. Mbegu huwekwa humo zikiwa kavu na katika baridi kali. Umeme ukiisha, majokofu yanapata joto, na tangu siku hiyo kila mbegu inazeeka. Njia ya kuziokoa ni kuzipanda. Msafara wa kutoka Karura kwenda Muguga, wa watu wasiojua ni kopo lipi bado lina uhai, ningeusoma kwa hamu.

Kuna jambo linaloshikamana na lile la fundi. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Ili mbegu yako isichanganyike, shamba la jirani mwenye aina nyingine lazima liwe mbali, angalau mita mia mbili, au apande kwa wakati tofauti. Tena huwezi kuchagua mahindi matano mazuri ukaridhika, kwa sababu mbegu ya mimea michache hudhoofika kizazi hadi kizazi, hivyo inakubidi uchukue kutoka kwa mimea mia moja au zaidi. Mkulima mmoja hawezi kulinda mbegu ya mahindi peke yake, hata akiwa na bidii ya namna gani. Lazima aende kwa jirani amwombe asipande anachotaka kupanda.

MwanaKayole

Nimewasoma wote, na nimesoma jibu la Mzee Fundi mara nne. Naomba niwaeleze kilichonijia.

Mama yangu aliuza maji. Kioski chetu kilikuwa cha mabati, chenye mfereji mmoja, na maji yalipokosekana mtaani kwa siku tatu, foleni ilianza saa kumi usiku. Watu hawakupanga foleni kwa miili yao, walipanga mitungi, kisha wakarudi kulala au wakaenda kazini. Mitungi yote ilikuwa ya manjano na yote ilikuwa imefubaa, lakini mama aliijua mmoja mmoja: wa huyu umezibwa kwa gunzi, wa yule umefungwa kitambaa cha kanga mkononi, wa mwingine umetobolewa ukazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto. Mtu akisogeza mtungi wake mbele gizani, mama aliurudisha nyuma asubuhi bila kuuliza neno, na sikumbuki hata mara moja mtu akibishana naye. Alikuwa na daftari la wale waliochukua kwa deni, na alipougua wiki mbili, majirani walikuja kuliomba ili waendelee, wakaliandika wenyewe, na hesabu ilipofungwa ilikuwa sawa.

Nadhani mtu ninayemtafuta ni huyo. Ufunguo wa vali unakuwa mkononi mwa mwanamke aliyeuza maji kabla ya maangamizi, ambaye hakuwahi kuhesabiwa kuwa kiongozi wa chochote.

Binti wa Wajir

Dada, mama yako amenigusa, na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba usimfanye malaika. Anayeandika daftari ndiye anayejua nani ameachwa nje yake.

Kwetu Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vita vya koo vilifika hadi sokoni, ikawa mwanamke wa ukoo mmoja hakubali kumuuzia wala kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, hawakungoja wanaume wasaini chochote. Walikubaliana kwamba soko litakuwa wazi kwa kila mwanamke, wakaweka kamati ya kuangalia kila siku kama kuna aliyezuiwa. Baadaye ndipo wazee na vijana walipoingizwa. Zingatia mpangilio huo, kwa sababu ndio unaokosekana katika riwaya yako: kwanza kitu kinachofanyika kila siku, kisha watu wa kukiangalia, na baraza mwishoni.

Jirani zetu Somalia walipopoteza serikali mwaka 1991, benki kuu ilifungwa lakini shilingi ya karatasi iliendelea kutumika, maana kila mtu aliamini kwamba mwenzake ataipokea. Kurasa za daftari la mama yako zinaweza kuwa pesa kwa namna hiyo hiyo. Siku atakapofika mtu kutoka Mathare ambaye jina lake halimo daftarini na hana mtungi wa kuweka kwenye foleni, utakuwa na sura ambayo haitalala.

MwanaKayole

Dada, umenionyesha nilipotaka kukwepa. Atafika mtu huyo, na nitamfanya awe ni yule ambaye mama alimfungia mlango mwaka wa kwanza, kama Mwalimu alivyoshauri.

Nibakize swali moja kwa Mzee Fundi. Kabla ya chujio kujengwa, nataka wajaribu kufungua vali kuu ya bomba la zamani ambalo bado lina maji nyuma yake. Baada ya miaka kumi na miwili bila kuguswa, inaweza kufunguliwa kwa mikono?

Fundi wa Mabomba

Inaweza, lakini usimpe shujaa nguvu za kuifungua kwa mara moja. Vali ya chuma iliyokaa hivyo imeganda. Ukiilazimisha, shina hukatika na lango hubaki chini, na hapo umepoteza kila kitu. Watu wawili washike ufunguo mrefu wenye umbo la herufi T, wamimine mafuta kidogo kwenye shina, wangoje. Kisha wazungushe robo tu, warudishe, wazungushe tena, warudishe, ili kutu ivunjike kidogo kidogo. Ni kazi ya asubuhi nzima, na viganja vitachubuka.

Kabla ya maji itatoka hewa, na bomba litanguruma kiasi cha kuwatia watoto hofu. Yatakayofuata yatakuwa mekundu kwa kutu, na watu watakuwa wamesimama na mitungi wazi. Mwache mama huyo ajaze mitungi ya kwanza yote, kisha aimwage mbele yao.